Uyoga Uanzie Jikoni

Kila mwaka, mpunga wa mabonde ya Kilombero, Kyela na Mbarali ukishapurwa, ukapepetwa na kutiwa maguniani, hubaki shambani marundo ya mabua ambayo mwenye shamba aghalabu huyahesabu kuwa adha, akayatia kiberiti ili apate nafasi ya kulima tena. Na katika majira hayohayo, nyumba chache tu kutoka penye moshi ule, yuko mama anayeinua kifuniko cha chungu huku akiwaza atapata wapi kitoweo cha ugali wa jioni. Takataka inayochomwa na chungu kinachokosa kitoweo ni majirani wasiojuana. Muradi wangu katika makala haya ni kuwajulisha, maana yapo maarifa, wala si mapya wala si ya gharama kubwa, ambayo kwayo mabua yale hugeuka kuwa chakula kwa muda wa wiki tano au sita, ndani ya chumba kimoja, pasipo shamba wala jembe wala kungoja mvua. Nayo ni maarifa ya kuotesha uyoga.

Mkulima wa kwanza wa uyoga katika bara letu si mwanadamu, ni mchwa. Wadudu hawa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavitafuna na kuvijenga ndani ya kichuguu kwa umbo la masega, kisha juu ya masega hayo wakalea kuvu maalumu ambayo kazi yake ni kuwalainishia chakula ambacho matumbo yao peke yake hayakiwezi; na wataalamu wanakisia kuwa mkataba huo baina ya mdudu na kuvu una umri wa miaka milioni 30 hivi. Mvua zikinyesha, kuvu ile hupenya udongo wa kichuguu na kutokea juu kwa sura ya uyoga, ndio ule ambao watoto wa bara huukimbilia alfajiri kabla wenzao hawajaamka. Na mmoja wa jamii hiyo, unaoota katika misitu ya miombo ya Zambia na nchi za jirani, kofia yake huweza kufikia upana wa karibu mita moja, wala hakuna uyoga unaoliwa unaojulikana kuuzidi kwa ukubwa. Walakini mwanadamu, pamoja na elimu yake yote, hajafaulu kuufanya uyoga wa mchwa kuwa zao la nyumbani, kwa kuwa kuvu ile haikubali mlezi mwingine.

Watu wa bara wana ujuzi mkubwa katika jambo hili, nami nalisema hilo kwa heshima, maana sisi tuliolelewa pwani, ambao bahari ilitutosha kwa kitoweo, hatukusukumwa na haja ya kuutafuta ujuzi huo. Wahehe wa Iringa na makabila mengine ya ukanda wa miombo wana majina ya uyoga mmoja mmoja, wanajua upi huota chini ya miti gani na katika kipindi gani cha mvua, upi huliwa siku ileile na upi hukaushwa ukawekwa. Na wataalamu watatu, Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, ambao kitabu chao kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania kilitoka mwaka 2003, walijifunza mengi kwa wenyeji hao. Hata hivyo uyoga haukukosa daraja katika vitabu vyetu pia, kwani katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imetajwa kamaa, nayo ni jamii ya uyoga wa jangwani unaokua chini ya mchanga, kuwa ni katika jumla ya manna. Na ndugu zetu waliopo Oman na nchi za Ghuba wanaujua vyema, kwa sababu baada ya mvua za majira ya baridi huletwa masokoni, na bei yake si ya mtu wa kawaida.

Wa kichuguu, wa miombo na wa jangwani, wote huo ni riziki ya kuokota, na riziki ya kuokota, pamoja na fadhila zake, ina hatari isiyofaa kufumbiwa macho. Ujuzi wa kuutambua uyoga salama hurithiwa kwa kutembea porini nyuma ya mama au bibi, na kila kijana anayehamia mjini angali mdogo hukatika katika mnyororo huo. Siku akiuona uyoga mkubwa mweupe umeota katika majani ya uwanja, akadhani ni ule aliowahi kuuonja kwao, huenda akaupika ule ambao vumbi lake la uzazi ni la kijani na ambao huwatapisha walaji usiku kucha, na hiyo ni bahati njema, kwa kuwa upo mwingine unaoharibu ini, ambao dalili zake zikidhihiri sumu imekwisha kufanya kazi yake. Kanuni zinazopita vinywani, kwamba uyoga wa sumu huitia weusi pete ya fedha, au huigeuza rangi ya kitunguu, au kwamba ulioliwa na konokono hauna madhara kwa binadamu, zote ni batili, na mtu mwenye kuipenda nafsi yake asiziamini hata moja. Uyoga ulioota ndani ya ndoo yako, kwa mbegu uliyoijua asili yake, hauna shaka ya namna hiyo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuujaribu.

Ule unaokubali kufugwa nyumbani ni wa tabia nyingine kabisa. Kwetu Tanzania huitwa mamama, kofia yake ina umbo la sikio au la chaza, na rangi yake huwa nyeupe, ya kijivu au ya waridi kwa kadiri ya aina. Haudai mchwa wala mizizi ya mti ulio hai. Chakula chake ni mti uliokufa na bua lililokauka, ambavyo maumbile yameviimarisha kwa nyuzi ngumu zisizowezwa na tumbo la mtu, wala la kuku, wala kwa urahisi la mbuzi, lakini kuvu hii huzitolea majimaji ya kuziyeyusha nje ya mwili wake, ikanywa kilichoyeyuka. Mjerumani Richard Falck aliandika habari za kuuotesha juu ya visiki mwaka 1917, wakati nchi yake ilipokuwa katika Vita Vikuu vya Kwanza na watu wake wakikosa chakula, na baada yake wengine wakaonyesha kuwa vumbi la mbao na mabua ya nafaka hufaa vilevile. Naomba msomaji aikumbuke asili hiyo, kwa kuwa nitairejea: maarifa haya yalitafutwa kwa ajili ya chungu cha nyumbani, na biashara ilifuata nyuma.

Kazi yenyewe haina siri. Mabua ya mpunga yaliyo makavu, ya mavuno ya karibuni, yasiyoota ukungu wala kupuliziwa dawa za wadudu, hukatwakatwa kwa panga vipande vya sentimita 3 hadi 5, yakalowekwa usiku kucha katika maji safi, na asubuhi yakatiwa ndani ya pipa au sufuria kubwa na kuchemshwa kwa muda wa saa moja au mbili. Anayekosa mpunga atatumia majani makavu ya migomba, mabua au magunzi ya mahindi yaliyopondwa, maganda ya maharage, au unga wa mbao zisizotiwa dawa. Na anayekaa mjini jirani na muuza kahawa, machicha yanayobaki katika dele yanafaa kuchanganywa humo, maadamu ni ya siku ileile, kwa kuwa nayo yamekwisha kupikwa.

Maana ya kuchemsha sharti ifahamike, kwani asiyeifahamu ndiye anayeuondoa moto mapema. Ndani ya mabua makavu wamelala viumbe wasiohesabika, ukungu wa kijani na mweusi, bakteria na mayai ya wadudu, na wote wanakitaka chakula kilekile. Mbegu ya uyoga ikiingia humo bila ya maji ya moto kuitangulia, inaingia vitani peke yake dhidi ya jeshi. Moto hauwaangamizi wote, wala haidhuru, ila huwapunguza na kuwalegeza, na mbegu ikapata muhula wa kutamalaki kabla ya wao kujikusanya tena.

Yuko atakayesema, na atakuwa amesema kweli, kwamba mkaa wa kuchemshia pipa zima huenda ukala thamani yote ya uyoga utakaovunwa. Kwa mtu huyo ipo njia ya chokaa. Chokaa iliyozimwa, kiasi cha gramu 2 kwa kila lita, huyafanya maji kuwa makali kiasi ambacho wengi wa wale waliolala mabuani hawayastahimili; mabua yakizamishwa humo usiku na mchana wake, kisha yakaopolewa na kuachwa yachuje, huwa tayari pasipo kuni hata moja. Miji yetu ya pwani ilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, kwa hiyo kitu hiki si kigeni kwetu, na mafundi wa zamani walijua jambo ambalo wengi leo wamelisahau, nalo ni kwamba chokaa iliyoachwa wazi kwa miezi huvuta hewa ikafa nguvu. Ile iliyo hai huunguza ngozi. Basi mikono ivikwe glavu, na watoto wawekwe mbali.

Mabua yakitoka majini, ama ya moto ama ya chokaa, humwagwa juu ya turubai lililooshwa ili yapoe na kuchuja, na hapa ndipo penye mtihani usiohitaji chombo cha kupimia. Chota konzi moja uikamue kwa nguvu zako zote: maji yakitiririka mpaka kiwikoni, yangali mengi mno, na kitakachofuata ni uvundo; yasipotoka kabisa, na mabua yakakukwaruza kiganja, yamekauka kupita kiasi, na mbegu itadumaa; lakini yakichomoza matone mawili matatu baina ya vidole, yakaning'inia pale yakisita kuanguka, na kiganja kikabaki kibichi, hapo ndipo panapotakiwa. Na yawe yamepoa hasa, yapoe mpaka ndani ya rundo, kwa kuwa mbegu ni kiumbe hai na joto la mabua yaliyotoka motoni huiua mara moja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika kazi hii pupa ya saa mbili hupoteza mwezi mzima.

Mbegu ya uyoga, ifahamike, si mbegu kwa maana ya punje ya mhindi. Ni mtama au ngano iliyopikwa, ikawekwa chupani au mfukoni katika hali ya usafi mkubwa, ikapandikizwa kuvu hai mpaka kila punje ikafunikwa na utando mweupe. Kiasi cha gramu 300 hadi 500 hutosha kwa kilo 10 za mabua yaliyolowa. Mafunzo mengi huelekeza mifuko ya nailoni, nayo hufaa, na ingawa Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya kilimo havikuingizwa katika katazo hilo. Lakini mfuko hutumika mara moja ukatupwa, nami napendelea ndoo ya lita 20, ile iliyokwisha kuuzwa na mafuta ya kupikia, ikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kutobolewa ubavuni matundu ya sentimita 1, kila moja likiwa mbali na jingine kwa shibiri moja. Mikono ikishaoshwa, hutiwa tabaka la mabua la vidole vinne, likanyunyiziwa mbegu, likafuata tabaka jingine, na kuendelea hivyo huku ukishindilia kwa kiganja mpaka juu. Kisha ndoo hufunikwa na kupelekwa penye giza, katika pembe ya chumba pasipopita watu wala kuku.

Siku tatu za kwanza hakuna la kuona. Baadaye, ukichungulia tunduni, utaona kila punje ya mtama imezungukwa na manyoya meupe membamba, na kila siku manyoya hayo yanatambaa kutoka bua hadi bua, yanakutana na yaliyotoka punje ya pili, yanaungana nayo bila ya alama ya mpaka, hata baada ya wiki mbili au tatu, na pengine nne, ndoo yote imekuwa bonge moja jeupe, imara, lenye harufu safi ya msitu uliokwisha kunyeshewa. Ukiona baka la kijani, huo ni ukungu mwingine, na ndoo ile itolewe nje mara moja, mbali na zenzake, isifunguliwe ndani ya chumba; uhurumiaji wa ndoo moja umewapotezea watu vyumba vizima.

Bonge likishakuwa jeupe lote, mahitaji yake yanabadilika: sasa linataka hewa ya kupita, mwanga wa kiasi cha kumwezesha mtu kusoma kitabu, na unyevu mwingi hewani. Chumba cha udongo kilichoezekwa makuti, sakafu yake ikatandazwa mchanga unaomwagiwa maji na kuta zake zikaangikwa magunia mabichi, hufaa kuliko nyumba ya bati na saruji. Na hewa yake inyunyiziwe maji mara mbili au tatu kwa siku, kwa bomba lenye manyunyu membamba, pasipo kuyalowesha mabonge yenyewe. Matunduni hutokea vichwa vidogo sana, vingi, vimesongamana. Kesho yake vimekua maradufu, na keshokutwa maradufu tena, na kwa siku nne au tano tangu vilipochomoza kishada kizima kinajaa viganja viwili. Kivunwe wakati kingo za kofia zingali zimeinamia chini, kwa kukinyonga chote kutoka shinani, kwani zikishainuka huanza kumwaga vumbi jeupe, na vumbi hilo likizidi ndani ya chumba huwaletea watu kikohozi. Ndoo ileile, ikipumzishwa wiki moja au mbili huku ikitunzwa kwa unyevu, huzaa mara ya pili, na ya tatu kwa uchache, kisha mabua yaliyobaki humwagwa bustanini yakawa mbolea njema ya mchicha.

Kwa watu wa pwani lipo shauri la majira. Aina nyingi za mamama hupenda joto la wastani, na kaskazi inapopamba moto mwezi wa Januari na Februari, zile zilizozoea baridi hugoma kabisa; basi muuza mbegu aulizwe aina inayostahimili joto, na anayeanza aanze wakati wa kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, hali ya hewa yenyewe imsaidie. Watu wa Lushoto, Njombe na Mbeya hawana haja na nasaha hii.

Je, faida yake ni ipi? Hapa napenda kusema kwa insafu, kwa sababu uyoga umesifiwa kupita haki yake. Kilo moja ya mabua makavu, ikitunzwa vizuri, hutoa baina ya nusu kilo na kilo moja ya uyoga mbichi kwa jumla ya mivuno yake. Uyoga mbichi sehemu 9 kati ya 10 ni maji, na protini yake haizidi sana gramu 3 katika kila gramu 100, ilhali maharage makavu yana zaidi ya gramu 20 kwa uzani uleule. Kwa hiyo anayewaambia maskini waache maharage wale uyoga anawadhulumu. Thamani yake iko mahali pengine. Una vitamini za jamii ya B, una chumvichumvi ambazo mwili unazihitaji, na una ladha ya kuufanya ugali mkavu ulike. Fauka ya hayo, ukilazwa juani siku moja, matamvua yake yakielekea juu, hujitengenezea vitamini D, jambo ambalo mboga zetu za majani haziwezi. Ukipikwa kwa kitunguu na nyanya, ukatiwa tui zito mwishoni na kuachwa utokote mpaka mafuta yapande juu, ni mchuzi ambao hata mgeni wa heshima ataandaliwa bila ya mwenyeji kuona haya. Wala usiliwe mbichi, uive barabara.

Sasa nifikie jambo ambalo hasa limenishikisha kalamu. Mafunzo ya uyoga yanayotolewa huku na huko, ambayo kwayo vijana na akina mama hulipa fedha walizozipata kwa taabu, aghalabu huanzia mwisho: ubaoni huandikwa mifuko mia mbili, kilo kadhaa kwa mfuko, bei ya hotelini kwa kilo, na chini yake jumla ya faida yenye sifuri nyingi, kabla hata mwanafunzi hajapata kukamua konzi moja ya mabua. Mwanafunzi hurudi kwao akakopa, akajenga banda, akaijaza mifuko yote kwa wiki moja. Na kwa kuwa yote ilijazwa kwa wiki moja, ikiwa Mungu ameijaalia, yote huzaa kwa wiki moja. Uyoga mbichi, pasipo barafu, hudumu siku moja au mbili tu kabla haujalegea na kunuka. Hoteli haimjui, nayo inataka kilo chache kila siku, si shehena kwa siku mbili na ukame kwa mwezi. Jirani naye hajapata kuuonja, hajui unapikwaje, na kwa bei ile ataona bora anunue dagaa. Naijua habari ya kikundi cha akina mama ambao mavuno yao ya kwanza yalifaulu kama walivyoahidiwa, wakayamwaga shimoni siku ya nne, na mkopo wakaulipa kwa vibarua vya kuchuma karafuu.

Sisemi uyoga usiuzwe. Nasema utaratibu upinduliwe. Mtu aanze na ndoo mbili, ya pili ijazwe wiki mbili baada ya ya kwanza, ili jikoni pasikose kitu kwa mfululizo. Nazo zikiharibika, na huenda moja ikaharibika, hasara yake ni mabua yaliyokuwa yachomwe na mbegu ya bei ya nusu kilo ya nyama. Kwa ndoo hizo atajifunza mambo ambayo ubao hauwezi kumfundisha: upande gani wa chumba chake una ubaridi, maji ya kisima chake yana tabia gani, inzi wadogo wanapenya wapi. Kinachozidi chakula cha nyumbani ampelekee jirani katika bakuli, kimeshapikwa, kwa kuwa ladha hufundisha mapishi upesi kuliko maneno. Na kinachozidi hicho akianike juani mpaka kikivunjwa kikatike kwa mlio, akiweke ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, kitamfaa miezi mingi. Siku majirani watakapoanza kumwuliza kama leo kuna uyoga, soko limezaliwa, nalo limezaliwa mlangoni pake, halihitaji gari wala barafu. Hapo aongeze ndoo ya tatu, na ya kumi, na akitaka banda alijenge.

Lakini hata huyu wa ndoo mbili anakwama mahali pamoja, nako ni kwenye mbegu. Mengine yote yapo kijijini, mbegu haipo. Kuitengeneza kunataka chombo cha mvuke wa shinikizo chenye kufikisha joto la nyuzi 121, mahali pasipo na vumbi, asili safi ya kuvu, na mikono iliyofundishwa, vitu ambavyo si haki kumtaka mama wa nyumbani awe navyo, ila si vingi vya kuishinda wilaya. Kwa kuwa hazipatikani karibu, mbegu husafiri kwenye mabasi siku nzima juani, zikakaa dukani kwa majuma, na mnunuzi hupewa chupa ambayo chini yake pana majimaji ya njano na ndani yake harufu ya uchachu, yaani mbegu iliyokwisha kufa, akaenda nayo nyumbani akafuata kila agizo kwa uaminifu, akaambulia mabua yaliyooza, kisha akajilaumu mwenyewe na kuiacha kazi daima. Watu wa namna hii ni wengi kuliko wale walioshindwa kwa uvivu, nami nasikitika kila ninapowasikia wakiitwa wavivu.

Elimu ya kuliondoa tatizo hili imo nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa kuotesha uyoga juu ya mabaki ya mkonge, na mkonge, tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, haujapata kukosa mabaki, kwa maana katika jani lake singa hazizidi sana sehemu 4 kwa 100, na yote yanayosalia hutupwa nje ya kiwanda yakachachuka na kunuka. Mkoa wa Tanga una marundo hayo, una kituo cha utafiti cha Mlingano, una milima ya Usambara yenye ubaridi kwa mwaka mzima, na una mji wa watu wanaopenda kula vizuri. Palipo na mambo manne hayo kwa pamoja, kukosekana kwa chumba kimoja cha kutengenezea mbegu za kuuzwa kwa bei nafuu ni jambo la kushughulikiwa na wakubwa, wala si la kuachiwa wachuuzi. Na lililo kweli kwa Tanga ni kweli kwa kila wilaya yenye mpunga, migomba au pamba. Shule ya sekondari yenye maabara na mwalimu mmoja wa bayolojia aliyefundishwa wiki mbili ingeweza kuihudumia kata yake, na wanafunzi wangejifunza habari za kuvu kwa kuila badala ya kuichora tu daftarini.

Hata kabla ya hayo kutimia, lipo moja ambalo halihitaji jengo wala bajeti. Kila chupa ya mbegu ya uyoga inayouzwa iandikwe aina ya uyoga uliomo, kiasi cha joto unalolistahimili, na tarehe ambayo mbegu ilikamilika chupani, kwa wino usiofutika kwa jasho la mkono. Na mnunuzi asipoyakuta maandishi hayo, au akaona majimaji ya njano chini ya chupa, aiache palepale juu ya meza ya muuzaji na kuondoka na fedha zake.